Jumamosi nne za kuchuja nyimbo: mapitio ya huduma ya mkufunzi wa vikundi vya muziki Dodoma

Kikundi chetu kina watu 19, na kama ulivyo mji wenyewe tangu Serikali ihamie Dodoma, kimechanganya Wagogo wa Chamwino na Mvumi, watumishi waliotoka Kagera, Mbeya na Tanga, mwalimu mstaafu mmoja na vijana wawili wa bodaboda. Tunapiga ngoma za Kigogo na nyimbo za mataifa mengine. Kwa miaka mitatu kila aliyejiunga alikuja na wimbo wa kwao, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia mwenzake, hivyo orodha yetu ikafika nyimbo 34, nyingi tukizijua ubeti wa kwanza tu. Mwezi Julai tulichanga shilingi 320,000 tukamlipa mkufunzi mmoja wa hapa mjini ambaye kazi yake ni kuvisaidia vikundi kuchagua nyimbo na kuzipanga. Malipo hayo yalikuwa ya Jumamosi nne, kila moja kwa muda wa saa tatu, katika ukumbi tuliojitafutia wenyewe.

Jumamosi ya kwanza hatukuzungumzia wimbo upi ni mzuri. Mkufunzi alimtaka kila mmoja aimbe, akaandika daftarini sauti ya chini na ya juu ambayo mtu anaifikia bila kukaza koo, kisha akahesabu nani anapiga nini. Tulikuwa na ilimba mbili (ubao wenye vyuma vinavyochezeshwa kwa vidole), zeze moja, ngoma nne za muheme, kayamba, gitaa na kinanda cha umeme. Kazi hiyo ndogo ilitufunulia jambo ambalo miaka mitatu ya mazoezi haikutuonyesha: wanaume wenye sauti ya besi ni wanne tu, na nyimbo kumi na moja tulizozichukua kutoka kwenye rekodi za kwaya zilihitaji besi nzito kuliko hiyo. Zilikuwa zinachosha kwa sababu hazikuwa za watu tulio nao.

Mvutano mkubwa ulitokea kwenye ilimba. Mkufunzi alitaka vyuma vyake vivutwe na kusukumwa hadi vilingane na kinanda, ili nyimbo zote zipigwe kwa pamoja. Mzee wetu anayepiga ilimba akaishika kifuani akamwambia kwa upole, "Mwalimu, chuma hiki kikipanda, zeze halitanijibu." Mzee alikuwa sahihi, na sababu yake inaeleweka hata kwa hesabu. Uimbaji wa Kigogo unafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja ya msingi, kuanzia ya nne hadi ya tisa ukihesabu kutoka ile ya msingi, na ile ya saba iko chini kuliko nota ya kinanda iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya nusu-toni, yaani theluthi ya hatua kati ya nota mbili jirani za kinanda. Ukiipandisha, uimbaji wa sauti nyingi wa msunyunho unapoteza ule mgongano mtamu ambao msikilizaji wa Chamwino anautambua kabla hajasikia neno hata moja. Ninampongeza mkufunzi kwa jambo hili kuliko mengine yote: aliomba apigiwe wimbo uleule mara mbili, kwanza na zeze, kisha na kinanda, akasikiliza akiwa amefumba macho, akakubali mbele ya wote kwamba kinanda ndicho kitoke. Kuanzia hapo uchaguzi ulianza kutoka kwenye ilimba. Wimbo wowote wa kigeni ulipimwa kwanza kama unaweza kuimbwa juu ya sauti zake bila kuuumiza wimbo wala ilimba, na usipoweza unapigwa kwa gitaa na ngoma peke yake.

Kwa nyimbo za muheme aliwapa nafasi akina mama, nao ndio wenye haki ya kusema, kwa kuwa hii ni ngoma ya wanawake, wanaoibana ngoma mapajani na kuipiga kwa mikono. Walitaja nyimbo mbili za unyago ambazo hazifai kuimbwa mbele ya hadhira iliyochanganyika, na zikaondolewa bila ubishi. Nimeona vikundi vikiimba nyimbo za namna hiyo kwenye mapokezi ya wageni huku bibi waliozifundisha wakiinamisha vichwa, na sidhani kama kuna shangilio linaloweza kulipa aibu hiyo. Aliwauliza pia, kwa kila wimbo uliobaki, ni nani aliyewafundisha na ni nani atakayeuongoza siku manju wetu akiugua. Nyimbo tano ziliondolewa kwa swali hilo la pili.

Tulisikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003. Somo tulilolichota ni la urefu. Wimbo wenye maneno machache unaweza kuendelea kwa muda mrefu bila kuchosha, kwa sababu ilimba inabadilika chini ya sauti. Sisi tulikuwa tunajaza saa moja kwa nyimbo kumi na nane fupi, na sasa tunatosheka na kumi na moja.

Katika nyimbo za nje kazi yake ilikuwa na uzuri na upungufu. Kpanlogo ya Ghana, ngoma iliyoanzishwa na vijana wa kabila la Ga jijini Accra mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitukaa vizuri mno. Kengele yake ina mapigo matano, na tulipokosa kengele tuligonga bapa la jembe. Ngoma ya Kibulgaria ya mapigo saba, inayohesabiwa mbili, mbili, tatu, ilituchukua karibu saa nzima ya kupiga makofi kabla miguu haijakubali, lakini vijana wa bodaboda ndio walioishika kwanza na leo ndio wanaowafundisha wengine. Kwa mbira ya Zimbabwe, ndugu ya ilimba, alitueleza kwamba ile ya Washona inahusiana na ibada za mizimu na kwamba ufundi wa kuitengeneza na kuipiga uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2020 kwa ajili ya Malawi na Zimbabwe. Akashauri tujifunze namna vidole vinavyopokezana, bila kuuchukua wimbo wa ibada. Huo ulikuwa ushauri wa mtu mwenye adabu na kazi yake.

Kwa wimbo wa sauti tatu kutoka Georgia, nchi iliyo milimani Kaukazi, hata hivyo, alitugawia karatasi yenye maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kiswahili bila maana yake. Dada mmoja alipouliza tunaimba nini, mkufunzi hakuwa na jibu, na wiki iliyofuata bado hakuwa nalo. Wimbo wenyewe ulitufaa, kwa kuwa uimbaji wa kule nao hausimami juu ya nota za kinanda na sauti zetu ziliupokea haraka, lakini siwezi kusimama mbele ya watu wa Majengo au Makole nikaimba maneno ambayo huenda ni ya msiba. Tuliuweka kando. Mtu anayelipwa kuchagua nyimbo anapaswa kuja na tafsiri mkononi.

Upungufu wa pili ni wa kisheria. Katika nyimbo kumi na moja alizotubakizia, mbili zimetungwa na wanamuziki walio hai, naye hakusema lolote kuhusu hakimiliki, ilhali tunaalikwa kwenye shughuli za malipo na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi. Tulikwenda wenyewe kuuliza Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Jumamosi ya nne, ya kupanga mfuatano wa onyesho, ilikwenda vizuri na sina la kuongeza.

Kwa kikundi chenye vyombo vya jadi na wazee wanaovijua, fedha hiyo inastahili kutolewa. Kwa kikundi cha kinanda na spika peke yake sina hakika, kwa sababu thamani kubwa ya huduma hii ilipatikana pale mkufunzi alipomsikiliza mpiga ilimba. Atakayemwita amwombe tafsiri na majina ya watunzi kabla ya kulipa, ampeleke mzee wake siku ya kwanza, na apange ratiba kati ya Juni na Oktoba, kwa maana mvua zikianza Desemba nusu ya waimbaji wanakuwa shambani na hesabu ya sauti iliyoandikwa daftarini haitakuwa ya kikundi kilichopo.