Uzoefu wangu na The Snow Goose ya Camel: roki isiyotamka neno

Ukizungumzia bendi za Uingereza za miaka ya 1970 zilizopiga roki ndefu ndefu yenye vinanda vingi, watu watakutajia Pink Floyd, Genesis na Yes. Camel hutajwa baadaye sana, na wengi hawaitaji kabisa. Hata miongoni mwa wanaoijua, wapo walioishia kwenye Mirage ya 1974, ile yenye jalada linalofanana na pakiti ya sigara, na hawakusogea hadi albamu iliyofuata, The Snow Goose ya 1975, kwa sababu moja tu: hakuna anayeimba. Mimi nimeisikiliza kwa miaka, kwenye santuri, kwenye CD na kwenye simu, na nina neno juu yake. Nina neno pia juu ya mashabiki wake, maana nyakati nyingine wao ndio wanaowakimbiza wageni.

Camel wa mwaka 1975 walikuwa wanne: Andrew Latimer kwenye gitaa na filimbi, Peter Bardens kwenye vinanda, Doug Ferguson kwenye besi na Andy Ward kwenye drams. Wakaongeza okestra iliyopangiwa muziki na David Bedford. Albamu ina vipande 16 ndani ya dakika zipatazo 43, na baadhi havifiki hata dakika mbili. Sauti ya binadamu utaisikia, hasa kwenye Migration, lakini inaghani tu tuni pamoja na ala, haina ujumbe wowote. Kwa albamu ya namna hiyo kufika nafasi ya 22 kwenye chati ya Uingereza si haba. Leo ukiitaja mbele ya mpenzi wa roki wa kawaida, atakuuliza Camel ni nani.

Kabla ya yote, angalia mipangilio ya simu yako. Vipande hivi vimeunganishwa, kimoja kinaingia ndani ya kingine bila kupumua. Baadhi ya programu za muziki huweka kimya kidogo kati ya wimbo na wimbo, na kimya hicho kinaiua albamu hii. Pale The Great Marsh inapopanda taratibu na kumwagikia kwenye Rhayader, ukikatwa hata nusu sekunde umeshaibiwa. Tafuta sehemu ya kuunganisha nyimbo bila pengo uiwashe. Kuchanganya mpangilio wa nyimbo (shuffle) ndiyo kabisa, usithubutu. Na usiongeze sauti mwanzoni kwa sababu husikii kitu: dakika ya kwanza ni ya chinichini kwa makusudi, na ukiongeza utashtuka mbele ya safari.

Sasa mashabiki. Wana kanuni moja wanayompa kila mgeni: soma kitabu kwanza. Albamu imetokana na hadithi fupi ya Paul Gallico, mwandishi wa Marekani, kuhusu Philip Rhayader, mchoraji mwenye ulemavu anayeishi peke yake kwenye mnara wa taa ulioachwa, kando ya kinamasi cha pwani ya Essex, Uingereza. Msichana aitwaye Fritha anamletea bata bukini mweupe aliyejeruhiwa, wanamuuguza, na urafiki unaota hapo. Mwaka 1940 Rhayader anaondoka na mashua yake ndogo kwenda kuwaokoa askari waliozingirwa Dunkirk, mji wa pwani ya Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na harudi. Gallico mwenyewe hakuupokea vizuri mradi wa Camel, ndiyo maana jalada linasema muziki huu umechochewa na hadithi hiyo, halidai kwamba ndiyo hadithi yenyewe.

Mimi nasema usisome kwanza. Ukiingia na hadithi kichwani, masikio yanageuka kuwa mahakama: hapa ndipo bata anaporuka, hapa ndipo bomu linapoanguka, mbona hapa hakuna kitu kinachotokea? Unaacha kuusikiliza muziki, unaanza kuukagua. Majina ya vipande yanatosha kabisa kukushika mkono. Kuna Rhayader, kuna Rhayader Alone. Kuna Fritha, kuna Fritha Alone. Mtu yeyote anaelewa kwamba kati ya jina la kwanza na la pili kuna aliyeondoka.

Kinachonirudisha kwenye albamu hii ni tuni zake, na Rhayader ndiyo mlango. Latimer anapiga filimbi tuni nyepesi, inayochezacheza, ambayo baada ya kuisikia mara moja utajikuta unaipigia mluzi. Chini yake Ward hatulii hata kidogo. Anagonga visahani kwa wepesi wa mpiga jazi, anasukuma, anarudi nyuma, na Ferguson anamfuata kwa besi nene. Kisha inakuja Rhayader Goes to Town, na hapo filimbi inawekwa chini. Inaanza kwa haraka, kinanda na gitaa vikifukuzana, halafu mwendo unavunjika ghafla na Latimer anabaki na gitaa lake kwenye mdundo mzito wa polepole. Ni mpigaji asiyependa kuonyesha kasi ya vidole. Anashika noti moja, anaivuta, anaiacha ilie hadi iishe, ndipo anagusa nyingine. Wapo wapiga gitaa maarufu kuliko yeye mara kumi ambao wangejaza nafasi ile kwa noti mia. Kama una muda wa vipande viwili tu kabla ya kuamua kununua, sikiliza hivi, kwa mpangilio huu.

Bardens anapata zamu yake kwenye Flight of the Snow Goose. Sintesaiza inaanza na noti zinazozunguka, zinazunguka tena, na kila mzunguko kuna kitu kinaongezeka hadi bendi nzima inapanda juu kwa pamoja. Na Dunkirk, kwangu, ndicho kilele. Ni mwendo wa gwaride unaoanza kwa mbali, tarumbeta na ngoma zikiongezeka hatua kwa hatua, na wanaurefusha kiasi kwamba unaanza kutamani ulipuke ili upate nafuu. Hawaharakishi. Bendi nyingine ingeweka milio ya risasi. Camel wameacha woga ujengwe na mdundo peke yake. Baada yake ni kengele za Epitaph, kisha piano ya Fritha Alone, fupi, bila pambo. Halafu La Princesse Perdue inarudisha tuni za nyuma zikiwa zimevaa okestra, na ukishazijua utazitambua hata kabla hazijafika.

Si kwamba haina kasoro. Friendship na baadhi ya vipande vifupi vya katikati vinasikika kama muziki wa kujazia picha ya filamu ambayo hatuonyeshwi. Preparation ni ndefu kuliko haja yake. Naelewa inaandaa Dunkirk, lakini Dunkirk inajiandaa yenyewe vizuri tu. Okestra nayo kuna mahali inasikika nyembamba, imebanwa nyuma ya bendi, na kwenye spika ndogo za simu ala za upepo zinapotea kabisa. Tumia hedifoni.

Ugomvi mkubwa wa mashabiki, ule usioisha, ni toleo gani ununue. Mwaka 2013 Latimer aliirekodi albamu nzima upya, akiwa na wanamuziki wengine. Alikuwa ametoka kwenye ugonjwa mzito uliomlazimu kupandikizwa uboho, na Bardens alikuwa amefariki mwaka 2002, kwa hiyo si kazi ya kuibeza. Ni safi zaidi, besi inashuka chini vizuri, na gitaa la Latimer limekomaa, limekuwa na huzuni ambayo kijana hawezi kuiigiza. Wanaoipenda wanasema hivi ndivyo albamu ilivyopaswa kusikika tangu mwanzo. Wanaoikataa wanaona kama mtu amepaka rangi mpya kwenye picha iliyokwisha.

Mimi niko na toleo la 1975, na sababu yangu si mapenzi ya vitu vya kale. Ni Andy Ward. Drams za 2013 zimepigwa kwa usahihi na adabu, lakini ule wasiwasi wa Ward, ile hali ya kukaribia kuanguka kisha asianguke, haupo. Albamu isiyo na mwimbaji inahitaji mtu wa kuisukuma kutoka ndani, na kwenye toleo la zamani msukumaji ni yeye. Ukishaizoea hiyo, chukua ya 2013 ulinganishe, usianze nayo.

Lipo pia toleo la tatu ambalo mashabiki wapya hawaambiwi mapema. Oktoba 1975 bendi iliipiga albamu yote jukwaani Royal Albert Hall, London, pamoja na London Symphony Orchestra, na rekodi hiyo ikaja kutolewa mwaka 1978 ndani ya A Live Record, albamu ya santuri mbili. Hapa okestra haikubanwa. Dunkirk ya jukwaani ina kifua kipana kuliko ya studio, na unasikia bendi changa ikijitahidi isimezwe na watu wengi nyuma yake. Kuna kuteleza kwa hapa na pale, na mimi naona kunaipa uhai.

Nani hataipenda? Anayetaka kiitikio cha kuimba garini. Huyo aende moja kwa moja kwenye Moonmadness ya 1976, wapigaji ni walewale wanne na kuna kuimba, ingawa niseme ukweli, waimbaji hodari hawakuwa. Anayetaka roki ya kugonga kichwa pia atachoka kabla ya Sanctuary. Lakini kama unasoma, unachora, unaandika au unafanya kazi yoyote inayovurugwa na maneno ya watu wengine, hii ni dawa, mradi ukubali kwamba ikifika Dunkirk kazi itasimama. Nyota nne na nusu kwa toleo la 1975. Nusu niliyokata ni ya Preparation.