Mahabusu: kumkomoa au kumshikilia tu?

Mvuvi wa Igombe, Mwanza, kakamatwa, kesi haijasikilizwa. Njia ya kwanza ni kumkomoa: makofi, njaa, ndugu kuzuiwa getini. Wanaoitetea husema wezi wa mashine za mitumbwi hawasikii lugha nyingine. Hasira hiyo naielewa; anayeibiwa injini ziwani anaweza kupoteza maisha. Lakini kipigo hakijui nani mwizi. Aliyechoka atakubali hata asilolifanya, na Sheria ya Ushahidi inakataa ungamo lisilotolewa kwa hiari. Basi kesi inaharibika, na mwizi halisi yuko zake kisiwani anauza dagaa.

Njia ya pili ni kumshikilia tu, ili asitoroke wala kutisha mashahidi. Kanuni za Mandela, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu kuwatunza wafungwa, zinamruhusu mahabusu kuvaa nguo zake na kula chakula cha nyumbani kwa gharama yake. Ina gharama, sikatai: askari zaidi, vyumba zaidi.

Mimi niko na ya pili. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Tanzania inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa, na kumtesa mtu yeyote. Hata aliyehukumiwa kifungo gereza la Butimba hakuhukumiwa makofi ya selo.