Filimbi ya kumwitia ayala: misimu miwili juu ya mti, Ohio

Nimezaliwa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo kabla ya kuhamia Marekani mambo ya kuwinda niliyasikia kwa babu tu. Aliyenivuta ni mwenzangu wa kazini. Nikasoma kozi ya usalama, nikakata leseni na kibali cha ayala mkia mweupe, mnyama wa porini anayefanana na swala (ndiyo, ayala, jina lile la Zaburi ya 42), kisha nikaingia dukani nikatoka na vitu vitatu: bomba la kuguna, kikopo kinacholia kama jike, na mfuko wa vijiti vya kugonganisha.

Bomba la kuguna nimeliita filimbi kwa kukosa jina. Halipigi mluzi hata kidogo. Ni bomba la plastiki lenye kiulimi ndani, na ukilipuliza linatoa mguno mfupi, mzito, kama mzee aliyeamshwa kwa nguvu. Juu ya kiulimi kuna kiringi cha mpira. Ukikisogeza, sauti inakuwa ya dume mchanga au ya dume aliyekomaa.

Msimu wa kwanza niliharibu. Ilikuwa Oktoba mwanzoni, majike hawajaingia joto, nami niko juu ya mti naguna kila baada ya dakika kumi kama ninayelipwa kwa mguno. Tena nimeweka sauti nzito kuliko zote. Akaja dume mdogo, akasimama, akasikiliza, mkia ukanyanyuka mweupe pe, akatokomea. Kijana gani atajipeleka kwa jitu?

Msimu wa pili nilirudisha kiringi katikati na nikanyamaza hadi wiki ya pili ya Novemba, madume wanapohangaikia majike hadi kula wanasahau. Asubuhi moja mmoja akapita yadi kama 80, pua chini, hana habari nami. Nikaguna mara mbili, basi. Akasimama, masikio yote kwangu. Alipoanza kuondoka nikaguna mara moja tena, naye akageuka.

Hakuja moja kwa moja. Ayala akisikia mwenzake bila kumwona, huzunguka ashike upepo amnuse kwanza. Ndiyo sababu nilikuwa nimechagua mti ambao upepo unapoelekea kuna bwawa: nafasi ya kuzunguka ilikuwa ndogo, ikambidi apite kati yangu na maji, yadi 20. Mshale mmoja. Hapo bomba lilifanya nusu ya kazi, nusu ni ya bwawa.

Bomba nalipatia nyota nne. Ya tano imekatwa na baridi: mate huganda kwenye kiulimi, na badala ya dume unatoa sauti ya bata. Sasa nalivaa ndani ya koti, kifuani.

Kikopo hakihitaji ufundi: unaziba tundu kwa kidole gumba, unakipindua, kinalia. Majike wawili walinitazama, wakaendelea kula. Nyota mbili. Mwanangu ndiye anayekipenda, na mama yake amekificha.

Vijiti vya kugonganisha huigiza madume wanaopigana pembe. Nilivijaribu kwenye msitu wa umma wakati wa wiki ya bunduki, yaani wiki ambayo wawindaji wanaruhusiwa kutumia bunduki, kosa ambalo sirudii. Aliyekuja kutazama ugomvi alikuwa mwindaji mwenzangu, kizibao chake cha rangi ya machungwa kikimulika kati ya miti. Tukapungiana mikono. Mfuko uko kwenye buti la gari tangu siku hiyo.