Wakili wa kesi ya mpangaji, uzoefu wangu kama mwenye nyumba

Naandika nikiwa nimeshapoa, maana ningeandika miezi ile ningetukana tu. Mpangaji aliacha kulipa kodi miezi minne, kila nikimpigia ni kesho, mara naumwa, mara bosi hajatulipa, mpaka ikafika hapokei kabisa. Nikasema sawa, nabadilisha kitasa na umeme nakata tuone nani mjanja. Bahati nikapita kwanza kwa wakili anayeshika kesi za wenye nyumba, akaniambia ukithubutu mimi na wewe basi. Kumbe sehemu nyingi ukimfungia mtu nje bila amri ya mahakama, hata kama unamdai, wewe ndo unageuka mshtakiwa na unaweza ukamlipa fidia huyo huyo aliyekula kodi yako 😅 Hapo tu hela ya ushauri ilisharudi.

Akasoma mkataba mstari kwa mstari, akakuta notisi ya kumtaka mpangaji ahame niliyoandika mwenyewe haifai: siku pungufu, halafu nilituma WhatsApp wakati mkataba wenyewe unasema barua. Tukaanza upya, barua ikapelekwa, mpangaji akasaini kupokea. Iliniuma, mwezi mzima umeenda bure, ila bora hivyo kuliko kufika mbele ya hakimu na karatasi mbovu tukarudishwa.

Katikati mpangaji akarusha kodi ya mwezi mmoja, mimi nafurahi, wakili ananiambia tulia, ukipokea kimya kimya baada ya notisi anaweza kudai umemruhusu aendelee kukaa. Ikabidi tumwandikie kuwa tumeihesabu kwenye deni la nyuma. Mimi hilo nisingelijua hata kidogo.

Udhaifu ulikuwa kwangu pia. Kesi ilipofika mahakamani jamaa alijitetea kwamba paa linavuja na hatengenezewi, na mimi fundi nilimleta kweli ila risiti sina, picha za nyumba kabla hajaingia sina, malipo nimeandika kwenye daftari. Wakili akaona tusivutane, tukakubaliana alipe kwa awamu na ahame kwa tarehe, makubaliano yakaingizwa mahakamani yakawa amri, yaani akikiuka hatufungui kesi upya.

Sasa malalamiko. Simu hapokei, unaongea na msaidizi ambaye kila kitu ni "ntamwambia". Na bei niliyotajiwa mwanzo nikadhani ni ya kesi nzima, kumbe kila siku ya kwenda mahakamani inalipiwa, hata mkifika mkaambiwa imeahirishwa, na iliahirishwa mara tatu! Ada za mahakama nazo kivyake. Ulizeni hilo kabla hamjasaini chochote, mpewe kwa maandishi.

Nampa nyota nne kati ya tano. Jamaa amehama, nyumba ninayo, ila awamu ya mwisho imeshachelewa wiki mbili na wakili nimempigia tangu juzi, msaidizi anasema atamwambia.