Chuma cha vitumbua nilichokibeba kutoka Darajani

Jikoni kwangu hapa Dodoma nina vyuma viwili vya vitumbua, na kimoja sikigusi tena. Ni kile chepesi nilichokinunua dukani hapahapa mjini, cheusi, cha kutonatisha, mashimo saba. Kwa mwaka mzima kilinipa vitumbua laini juu, laini chini, laini pembeni. Haviungui, ni kweli. Lakini havina ule ukingo mkavu unaovunjika mdomoni kwanza, kabla hujafika kwenye ulaini wa ndani. Aliyekulia Tanga anajua nasema nini.

Bibi yangu alikuwa akiuza vitumbua barazani kwetu, Ngamiani. Mchele ulilowekwa mchana, ukatwangwa jioni, ukachanganywa na tui na hamira, halafu ukaachwa uumuke usiku kucha chini ya kawa. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa naamshwa na mlio mmoja tu: chwaaa, unga unapogusa mafuta. Kazi yangu ilikuwa kuweka mafuta nusu kijiko kila shimo na kuhesabu kumi kumi kwa watoto wenzangu waliotumwa na mabakuli. Bibi aligeuza kwa kijiti cha mwanzi, akiingiza ncha pembeni na kukizungusha kitumbua mara moja. Chuma chake kilikuwa kizito hata nilikuwa siwezi kukiinua kwa mkono mmoja.

Mama, aliyesoma Sayansikimu shuleni, aliyaandika mapishi yale kwenye kaunta buku. Ninalo mimi sasa. Ukurasa wa vitumbua umelowa mafuta hadi mwandiko wa upande wa pili unaonekana: mchele nusu kilo, tui zito vikombe viwili, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki punje kumi. Chini kabisa, kwa wino mwingine, ameandika “chuma kipate moto kwanza” na kupiga mstari mara mbili. Nina vitabu vingine vya mapishi, vya kununua, na navipenda. Napenda kuvisoma hata siku nisiyopika. Lakini vyote vinaueleza unga kwa aya nzima, na chuma vinakitaja kwa neno moja.

Desemba tulikwenda Unguja na watoto. Treni ya SGR hadi Dar, boti, kisha siku nne Jambiani. Asubuhi ya kwanza maji yalikuwa yamekupwa mbali, akina mama wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani, na mwenye nyumba tuliyofikia akatuletea sahani ya vitumbua na chai ya mchaichai. Nilikiuma kimoja nikanyamaza. Ukingo ule! Nikainuka nikaenda jikoni kwake bila kualikwa, nikakiona juu ya mafiga chuma cheusi kama cha bibi. Nikamuuliza kakipata wapi. “Darajani, dada. Lakini beba begi la nguvu.”

Darajani, kwenye vichochoro vya vyombo nyuma ya soko, mzee mmoja alikuwa navyo vya aina mbili: vya alumini na vya chuma cha kusubu. Nilimwamkia, nikamwambia ninachotaka, akanitolea cha kusubu cha mashimo saba. Tulianzia 45,000 tukamalizia 35,000. Akaniambia, “Hichi hakitaki haraka, mwanangu. Na sabuni usikitie.”

Sasa ni miezi minane. Kina karibu kilo tatu, na uzito huo ndio siri yake. Ukimimina unga wa baridi kwenye chuma chepesi, joto linashuka papo hapo na kitumbua kinachemka badala ya kukaangika. Hiki kizito kinashika moto wake. Unga unalia chwaaa shimo la kwanza hadi la saba, na ukingo unakauka wakati katikati bado pana uji.

Lakini mwanzo wake ni wa subira. Nilikisugua kwa chumvi na mafuta, nikakiweka juu ya moto mdogo hadi kikatoa moshi, nikakiacha kipoe, nikarudia mara tatu. Hata hivyo raundi mbili za kwanza ziling'ang'ania zote, tukala makombo kwa kijiko. Raundi ya tatu vikaanza kuzunguka vyenyewe. Baada ya kupika nakifuta kwa kitambaa na kukipaka mafuta. Siku moja niliyokiacha na maji usiku, asubuhi kilikuwa na kutu.

Kasoro zake nazisema pia. Mpini ni chuma kitupu, kwa hiyo bila kitambaa kinene utaungua. Kwenye jiko la gesi shimo la katikati linawahi kuliko ya pembeni, ikabidi niwe nalijaza la mwisho. Kwenye jiko la mkaa tatizo hilo halipo kabisa, na siku za Jumamosi natoa jiko nje kwa ajili hiyo tu. Kwa mtu mwenye mikono inayouma, cha alumini kitamfaa zaidi.

Ukienda kununua, pitisha kidole ndani ya kila shimo. Nilikiacha kimoja kizuri sana kwa macho kwa sababu shimo moja lilikuwa na mkwaruzo kama msasa, na hapo kitumbua hakitatoka kizima.

Mwezi uliopita mama alikuja kutusalimia. Nilimpikia asubuhi, akiwa bado chumbani. Unga ulipogusa mafuta nikamsikia anauliza kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa: “Hicho chuma umekitoa wapi?”