HBO Max ndani ya laini ya AT&T: kifurushi kilichozaliwa na muungano

AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ilitangaza Oktoba 2016 kwamba inainunua Time Warner, mmiliki wa HBO na Warner Bros., kwa dola bilioni 85.4, bila kuhesabu madeni. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikwenda mahakamani kuzuia, ikashindwa Juni 2018. Mteja wa kawaida alichokuja kukishika mkononi ni HBO Max, huduma ya kutazama filamu na vipindi kwa intaneti, iliyoanza tarehe 27 Mei 2020 kwa dola 14.99 kwa mwezi, na bure kwa wenye kifurushi cha juu cha AT&T, Unlimited Elite.

Kwa maudhui, huduma ilistahili sifa. Mwaka 2021 filamu mpya za Warner Bros. zilifika humo siku ileile zilipoingia sinema za Marekani, zikakaa siku 31 bila malipo ya ziada. Familia ya watu wanne ilirudisha gharama yake kwa filamu moja tu.

Matatizo yalikuwa kwenye bomba, yaani njia ya kumfikishia mteja picha, na hapo ndipo kampuni ya simu ilipaswa kuwa hodari. La kwanza ni Stream Saver. AT&T iliiwasha yenyewe kwenye laini, nayo hushusha picha hadi kama 480p, ubora ulio chini ya HD. Kwenye simu huenda usione tofauti. Ukiirusha picha hiyo kwenye runinga ya inchi 50, nyuso zinakuwa ukungu. Dawa ni kuingia kwenye akaunti ya AT&T na kuizima kwa kila laini, si laini ya mwenye akaunti peke yake.

La pili ni data. Mwanzoni kutazama HBO Max kwa laini ya AT&T hakukukata bando, ilhali Netflix ilikata. Upendeleo huo ulikuwa mtamu kwa mteja lakini uliwabana washindani, na sheria ya California ya usawa wa intaneti, inayozuia upendeleo wa aina hiyo, ilipoanza kutekelezwa, AT&T iliuondoa nchi nzima Machi 2021. Aliyezoea kutazama kwenye basi alilazimika kupiga hesabu upya.

La tatu lilikera kuliko yote: wenye vifaa vya Amazon Fire TV, vinavyoleta intaneti kwenye runinga, waliisubiri HBO Max hadi Novemba 2020, wa Roku hadi Desemba, kwa sababu ya mivutano ya masharti ya biashara. Kuna faida gani kupewa huduma ya bure ambayo runinga yako haiifungui?

Bei nayo haikushuka kama ilivyoahidiwa. DirecTV Now, huduma ya chaneli za runinga kwa intaneti ya AT&T hiyohiyo, ilipanda dola 5 kwa mwezi wiki chache baada ya hukumu ya 2018, na Machi 2019 ikatangazwa kupanda dola 10 nyingine.

Aprili 2022 AT&T iliitenga WarnerMedia (jina jipya la Time Warner), nayo WarnerMedia ikaungana na Discovery, kampuni nyingine ya runinga. Mwaka huohuo kifurushi kipya cha juu cha AT&T kilitoka bila HBO Max; waliokuwa na Elite waliendelea nayo. Kwa hiyo tetesi ya muungano mwingine ikivuma, toa bei ya burudani kwenye bei ya kifurushi, uone kama laini peke yake ingekufaa kwa pesa inayobaki. Ukiwa tayari ndani, usikubali kuhamishiwa kifurushi kipya kabla ya kuuliza kwa maandishi kama zawadi ya zamani inahama nawe.