TAHADHARI: "Mshahara wa kuuguza mgonjwa nyumbani" ni utapeli. Watu wa Kisauni na Likoni, someni

Assalaam aleikum jamani. Kuna mwanamama anazunguka mitaani na faili, buibui nadhifu, kadi shingoni yenye bendera ya Marekani. Alianzia Kisauni na Mishomoroni, sasa naambiwa kashavuka feri yuko Likoni. Nyumba anazozilenga ni zenye mgonjwa wa kitandani. Anabisha hodi akimtaja mgonjwa kwa jina na maradhi yake, ndiyo maana watu wanamkaribisha.

Maneno yake ni kwamba Marekani inawalipa wanaouguza jamaa zao, na mpango umefika Pwani: dola 300 kwa mwezi. Shangazi yangu, ambaye mumewe amepooza, alitozwa shilingi 1,500 za fomu. Kisha 3,000 za "kufungua faili". Halafu ikaja "kodi ya kutolea dola". Zote zaenda kwa nambari ya simu ya mtu, risiti hakuna.

Uongo wenyewe una chembe ya kweli. Marekani kuna Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, tangu 1965, na majimbo mengi humruhusu mgonjwa achague jamaa amuuguze kwa malipo. Lakini mgonjwa lazima awe mkaazi wa jimbo lile na awe ndani ya bima hiyo. Mzee wa Mtopanga anaingiaje? Hata ukiwa na mwanao Minnesota, pesa hizo hazivuki bahari kukufuata wewe. Na huko kwenyewe kuomba ni bure.

Kwetu kilicho karibu ni Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wanyonge kwa pesa: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, kaya zenye mayatima, na wenye ulemavu mkali, ambao mlezi huwapokelea. Si mshahara wa mlezi, na ni kidogo mno kwa anayebadilisha nepi za mtu mzima usiku kucha, lakini ni haki ya mgonjwa. Uandikishaji unapitia kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii, bila malipo. Anayekutoza, hata akiwa mzee wa mtaa, anakuibia.

Linalonitisha zaidi ya hizo 4,500 ni kwamba anapiga picha kitambulisho pande zote mbili, kisha anaomba PIN ya M-Pesa "aunganishe dola". Jirani ya shangazi aliitoa. Kufika magharibi, salio sufuri na deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa, juu.

Aliyetuma pesa leo, autume ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 upesi kabla hazijatolewa. Aliyetoa PIN, abadilishe sasa hivi. Nambari ya tapeli itume 333, na DCI, wapelelezi wa polisi, wapigie bure 0800 722 203.

Shangazi keshaandikisha kituo cha polisi, ana nambari ya OB, kitabu cha matukio. Nanyi mliotozwa, msizifute meseji. Nendeni nazo mkaandikishe.